Mkono Chini ya Mkono

Simu ya Hamduni haikuwa na habari kwamba Hamduni amekufa. Kila ilipowashwa ilimkaribisha kwa jina lake, ikamuuliza leo anakwenda kutafuta wapi, kisha ikatoa mshale mdogo mwekundu. Leo mshale ulielekea mbele, juu ya nchi kame isiyo na kibao wala jina, kwenye kanisa la udongo ambalo Sikitu, mjane wake, alilichukia na kulitamani tangu alipotoka edani.

Wifi yake alikuwa ametangulia. Mashavu alitembea mikono mitupu, leso imefungwa kiunoni, bila kuangalia simu wala jua. Hakuhitaji. Njia hii aliipita na kaka yake, Jumamosi ya mwisho ya Hamduni duniani, na kila Mashavu alipokanyaga, Sikitu aliona mahali ambapo mume wake alikanyaga pia, na yeye hakuwapo.

"Wifi, bado mbali?"

"Iulize simu yako."

"Si yangu."

"Basi muulize mwenyewe," alisema Mashavu, akaongeza mwendo.

Ulikuwa mchezo wa watu wazima waliochoka na njia zinazojulikana. Mtu huficha kopo mahali fulani duniani, akawatajia wenzake mahali hapo kwa tarakimu tu, nao hulifuata kwa simu. Anayelipata hulifungua. Akitaka huchukua kitu kimoja, lakini lazima aache kingine chenye thamani ileile au zaidi, kisha hulirudisha palepale. Na anayejua lilipo hamwambii asiyejua. Kila mtu hutafuta kwa macho yake. Hamduni aliupenda mchezo huo kuliko chakula. Jumamosi zake zote ziliishia huko, na Sikitu alibaki nyumbani kwa hiari yake mwenyewe, akisema miguu inamuuma. Sasa alizionea wivu Jumamosi zile kama mtu anavyowaonea wivu watoto wa mke mwenzake.

Walitembea, na kanisa halikusogea. Lilikaa kule kule, mnara mmoja mzima na mwingine umekatika, rangi yake ni rangi ya ardhi yenyewe, kana kwamba ardhi ilijiinua kidogo kutazama nani anakuja. Jua nalo halikusogea. Sikitu alianza kuhisi kwamba wamekuwa wakitembea hivi tangu siku ya maziko, au kabla yake, tangu siku ya harusi, Mashavu mbele na yeye nyuma, na katikati yao nafasi yenye upana wa mtu mmoja.

Wivu una hesabu zake, na mwenye wivu haachi kuzipiga. Nani alimjua kwanza? Mashavu, walioga katika beseni moja. Nani alimjua mwisho? Hapo ndipo Sikitu alipokuwa akishinda siku zote, maana mke ndiye wa mwisho, mke ndiye anayejua mtu anavyopumua usingizini. Lakini Hamduni hakufa usingizini. Alianguka njiani akirudi kutoka huku, kichwa chake kikiwa mapajani pa dada yake. Kwa hiyo Mashavu alikuwa na mwanzo, na mwisho pia. Sikitu alibakiwa na katikati. Na katikati, aliwaza, ni sehemu ya mtu ambayo hakuna anayeisimulia matangani.

Kisha eda. Mjane hukaa ndani. Alikaa, akavaa alichopaswa kuvaa, akajizuia na manukato na milango, na huku nje dada mtu akizurura atakavyo. Mara mbili Mashavu alikuja kumsalimia na vumbi jekundu limeganda viatuni. Sikitu hakuuliza limetoka wapi. Alilifagia baada ya mgeni kuondoka, akalitazama katika kizoleo, akashindwa kulimwaga.

Na kipuli. Siku ya tatu ya msiba alikosa kipuli kimoja cha fedha, kati ya viwili alivyovishwa na Hamduni. Aliyekuwa akiingia chumbani kwake ni Mashavu tu. Sikitu hakusema kitu. Lakini kuanzia siku ile, kila wifi yake alipotoka chumbani, yeye aliingia.

*

Ghafla kanisa likawa mbele yao, karibu hata pua ikasikia harufu ya udongo.

Ukutani palikuwa na kibao kilichosema kwamba misheni hii ilijengwa na mapadri waliovuka bahari kutoka Hispania, na kikataja jina la mtakatifu. Sikitu alikisoma mpaka mwisho akitafuta waliobeba udongo. Hawakuwamo. Padri hakandiki ukuta. Padri husimama kivulini akaonyesha kwa kidole, na kidole hicho ndicho kinachoandikwa. Waliokanyaga tope kwa miguu, waliofyatua matofali na kuyaanika, waliopandisha boriti mabegani kutoka milima isiyoonekana kutoka hapa, walipewa majina mapya na kuambiwa wayasahau ya zamani. Walichukuliwa majina, wakaachiwa kengele. Je, thamani yake ilikuwa ileile au zaidi?

Aliingia. Ndani palikuwa baridi na kimya. Mtakatifu wa mti alisimama juu ya madhabahu, amevaa joho lililoliwa na mchwa, macho ya kioo yakitazama mlangoni. Inasemekana chini ya sakafu hii kuna sakafu nyingine, ya duara, ambapo watu wa nchi walikuwa wakicheza ngoma ya kuita mvua kabla ya mapadri. Haikubomolewa. Ilijazwa mchanga, kanisa likakaa juu yake. Sikitu alikaa akaliwaza jambo hilo muda mrefu. Nyumba hii ina wivu, alijiambia. Haikutosheka kupendwa, ilitaka kuwa ya kwanza. Na kwa kuwa haikuwa ya kwanza, ilimkalia aliyeitangulia.

Akaielewa. Jambo hilo lilimwogopesha, lakini akaielewa.

Hapo saa zikateleza. Mlangoni alisimama padri mwenye bakuli la maji, na mbele yake foleni ya watu wenye tope hadi viwikoni. Kila mmoja alitaja jina, akamwagiwa maji, akaambiwa jina jingine, akaenda zake akilirudiarudia asije akalisahau. Katika foleni alikuwamo Hamduni. Alikuwa amebeba ndoo, shati limetoka nje kama kawaida yake, na alikuwa akicheka na mtu aliyekuwa nyuma yake ambaye Sikitu hakuweza kumwona.

"Hamduni!"

Hakugeuka. Padri ndiye aliyegeuka.

"Wewe nani?"

"Mke wa Hamduni."

"Hamduni hayupo. Wewe nani?"

"Mjane wa Hamduni."

"Nimekwambia hayupo. Ukimtoa yeye, anabaki nani?"

Sikitu alifungua mdomo.

Mimi. Mimi niliyemkunia nazi. Mimi niliyejua shati lipi limebana makwapa. Mimi ambaye.

Mimi sikuja Jumamosi.

Mimi ndiye niliyesema miguu inaniuma na miguu haikuniuma.

Anacheka na nani? Naomba uniambie tu anacheka na nani.

Maji ya bakuli yakamwagika sakafuni, yakakauka kabla hajatazama vizuri. Mlango ulikuwa mtupu. Nje alimsikia Mashavu akipiga chafya, na simu mkononi mwa Sikitu ikatetemeka. Mshale ulikuwa umegeuka. Sasa ulielekea nje, kwenye ukuta wa upande wa kusini.

*

Ukuta wa kusini ulikuwa mrefu na laini, lakini ukiusogelea unaona kwamba ulaini wake ni viganja. Mikono juu ya mikono, maelfu, ilikuwa imepita hapa na kuacha mifereji ya vidole, na makapi ya ngano yakimeta ndani ya udongo. Mshale ulisimama wima. Ulisema ndipo hapa. Sikitu alipapasa. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Mahali pamoja, usawa wa kifua, palitoa sauti ya uwazi.

Alitoa pini ya nywele, akaanza kukwangua.

Udongo ulitoka kwa urahisi, kwanza unga, halafu vipande. Kopo alilolificha mume wangu, aliwaza, au alilolifungua, au alilolishika, limo humu. Nitalipata mwenyewe, sitaonyeshwa na mtu. Alikwangua mpaka kucha zikaingia. Kipande kipana kama sahani kikaachia, kikavunjika miguuni pake.

"Wifi! Wifi, acha! Una wazimu?" Mashavu alikuja mbio, leso imemfunguka. "Unabomoa kanisa la watu!"

"Limo humu."

"Hatufichi ukutani! Nani kakwambia tunafukua? Hatuchimbi, hatubomoi, hatufichi kwenye nyumba ya ibada, yoyote ile. Hata mtoto anayecheza mara ya kwanza anajua!"

"Mimi sijui. Nilifundishwa na nani?"

"Uliitwa kila Jumamosi."

"Niliitwa na nyinyi wawili mmekwisha kuvaa viatu!"

Mashavu alijifunga leso upya. Kutoka nyuma ya mnara uliokatika alikuja mwanamke mzee, sketi yake ina tope la leo juu ya tope la jana, na ndoo mkononi. Alikuwa mtunza kanisa. Mashavu alimwamkia akimwita Bibi Konsepsiyo, na mzee akaitikia marahaba, kana kwamba wote watatu walilelewa ua mmoja.

"Huyu ndiye mke?" aliuliza bibi.

"Ndiye."

"Ana kucha." Alitazama shimo lililokwanguliwa bila hasira. Akatua ndoo mbele ya Sikitu. Ilikuwa imejaa tope laini, limekandwa na makapi. "Ulichobandua utakikandika, mwanangu. Kwa mkono, si kwa mwiko. Mwiko hauna joto."

"Nisamehe, bibi."

"Mimi? Mimi ni nani? Ukuta huu hubanduka wenyewe kila mwaka. Mvua hula, sisi tunalisha. Kesho wanakuja watu wa vijiji vyote, maana mawingu yako karibu. Jioni hutaona ulipokwangua. Hutaona kitu chochote cha mwaka jana." Alinyoosha kidole, si kwenye shimo, bali pembeni yake, chini kidogo. "Hata wenzako hawa."

Sikitu akatazama kilipoelekea kidole.

Palikuwa na alama mbili za viganja, pamoja, zimekaushwa na jua la msimu mzima. Kimoja kidogo, vidole vimetanuliwa kwa mbwembwe. Kingine kikubwa, na kidole chake cha mwisho kimepinda kuelekea ndani kama ndoana. Alikijua kidole hicho. Kilivunjika Hamduni alipokuwa mdogo, kikaungwa vibaya, na maisha yake yote kilikuwa cha kwanza kupata baridi. Usiku alikuwa akikiingiza katika kiganja cha Sikitu bila kuuliza.

"Tulimkuta bibi akiujaribu udongo wake, peke yake," alisema Mashavu polepole. "Kaka akasema haiwezekani, akakunja mikono ya shati. Tulikandika upande huu wote. Tulipomaliza akasema tutie sahihi." Alicheka kidogo, kicheko kikakwama. "Ndiyo maana nilikuwa nakuja. Wewe ulikuwa edani. Nikasema angalau mmoja wetu awe anamwangalia. Na nikakuhimiza leo, maana kesho..."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Eda nzima. Ulikuja kwangu, ukakaa kitini kwangu, ukanywa chai yangu, na mkono wake uko huku, na wewe unajua."

"Ningekwambiaje, na ulikuwa huruhusiwi kutoka? Nikuchome bure?"

"Ungeniambia nichomeke!"

Bibi Konsepsiyo alitema mate pembeni, akasema anakwenda kuchota maji, akaondoka. Upepo ukatulia. Mashavu akainama, akashika bega la wifi yake, akamgeuza kama mtu anavyomgeuza mtoto anayecheza kujificha.

"Geuka. Navunja sharti, kaka atanisamehe. Kule, kwenye ua wa madungusi. Jiwe lenye doa jeupe. Mshale hukosea kidogo karibu na kuta nene. Unatakiwa ufike, halafu uiweke simu mfukoni, utumie akili."

*

Lilikuwa kopo la majani ya chai, limezungushiwa utepe mweusi. Sikitu alilifungua akiwa amechuchumaa, miiba ya dungusi ikimshika mtandio. Ndani yake mlikuwa na gololi, shanga, sarafu ya nchi ambayo haipo tena, mwanasesere asiye na mguu. Na kipuli cha fedha.

Hakukigusa mara moja.

Kutoka kopo hili hili, Jumamosi ile, Hamduni alichukua kikengele cha shaba kisicho na ulimi. Waliomleta nyumbani walikikuta mfukoni mwake, na tangu hapo Sikitu alikuwa amekitundika shingoni, ndani ya nguo, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho alichokiokota. Hakuwahi kujiuliza aliacha nini badala yake. Thamani ileile au zaidi. Alitoka nyumbani alfajiri ile na kipuli cha mkewe mfukoni, akakiweka hapa, kati ya gololi na mwanasesere, mahali ambapo mgeni yeyote mwenye simu angekichukua.

"Alisema atakupa sababu ya kuja," Mashavu alisema nyuma yake. "Alisema, atakitafuta nyumba nzima, atanigombeza, halafu nitamwambia kiko wapi, na hapo hatakuwa na ujanja, miguu itapona." Alivuta pumzi. "Hakuwahi."

Sikitu aliuchomoa mwiba uliomshika mtandio.

"Ulidhani nimekiiba mimi," akasema Mashavu.

"Sikusema."

"Hukusema. Lakini kila nikitoka chumbani kwako, kitasa hakijapoa unaingia. Nasikia droo zinavutwa. Mimi dada yake, wifi. Nimemfunga kidevu kwa mikono hii, halafu narudi nyumbani kwangu kama mwizi."

Hapo angeweza kusema neno. Neno lenyewe lilikuwa karibu, lilimjia hadi menoni. Lakini wivu ukamwahi. Alimwona Hamduni akizungumza maneno yale njiani, shati limetoka nje, akimcheka mke wake na miguu yake ya uongo, na aliyecheka naye, yule mtu wa nyuma katika foleni, sasa alikuwa na sura. Hata zawadi yake mwenyewe alikuwa ameipata mkono wa pili.

Alikichukua kipuli, akakivaa. Akafunika kopo.

"Utaacha nini?" Mashavu aliuliza.

"Ameshaacha yeye."

"Hiyo ilikuwa ya kikengele. Wewe umechukua, nawe uache. Acha basi hicho kikengele."

"Nimevuliwa vya kutosha. Siachi kitu."

"Kopo halikubali hivyo, wifi."

"Basi lije linidai."

Alilirudisha chini ya jiwe lenye doa, akasimama, akaenda kwenye ndoo.

*

Huyu aliyekwenda kuwa ardhi ni wa nani? Mapadri walilijibu swali hilo kwa kujenga juu yake. Watu wa nchi walilijibu kwa kukandika kila mwaka, wakifuta mikono yao ya mwaka uliopita bila huzuni, mama juu ya bibi, mtoto juu ya mama, hata ukuta ukawa mnene kuliko ulivyojengwa. Sikitu hakuwa wa hawa wala wa wale. Alikuwa mtu mmoja mwenye ndoo, na kesho watu wa vijiji vyote walikuwa wanakuja na mikono yao. Mikono isiyomjua. Mwanamke gani wa kijiji gani angekifunika kidole kile kilichopinda, huku akipiga soga na jirani yake?

Alikandika kwanza shimo lake. Tope lilikuwa baridi, halafu likapata joto la mkono, kama alivyosema bibi. Alilisambaza, akalilainisha. Mashavu alikuja akapiga magoti kando, akakunja mikono ya gauni.

"Ngoja," alisema kwa sauti ya upole, sauti ambayo Sikitu hakuisikia kwake tangu msibani. "Kama ni kumfunika, tusiwaachie watu. Tumfunike sisi. Wewe upande huu, mimi huu. Niruhusu kwanza nimguse."

Sikitu alisikia kila neno. Akachota tope kwa kiganja kizima, akalibandika juu ya mkono wa Hamduni, akaukandamiza mkono wake juu yake, kidole kwa kidole, na cha mwisho akakipinda.

"Wifi!"

Akakandamiza zaidi. Kwa muda mfupi tope lilipokuwa bado halijashika, alihisi chini yake mashimo matano yakimpokea. Yalikuwa yake peke yake. Hakuna mwanzo, hakuna mwisho wa mtu mwingine. Kisha tope likajaa mashimo, likawa tambarare, na ukuta ukawa ukuta.

Alipoinua mkono, ulikuwepo mkono wake. Kando yake kiganja kidogo cha Mashavu, vidole vimetanuliwa kwa mbwembwe, kikavu. Cha Sikitu kibichi. Mtu angepita hapo jioni ile angesema ni wanawake wawili waliotembea pamoja wakafurahi. Hamduni hakuonekana popote.

Mashavu hakulia. Alikaa chini kwenye vipande vya udongo, akatazama ukuta kama mtu aliyefika kituoni na gari limeondoka.

"Umeacha mkono," akasema. "Ulisema huachi kitu."

Kengele ya mnara mzima ikagonga, au pengine ni Bibi Konsepsiyo aliyetua ndoo zake kwenye mawe. Mzee alikuja, akatazama, akanusa tope, akasema limekolea vizuri. "Yumo," alimwambia Mashavu. "Wote wamo. Ukuta huu haujawahi kumtoa mtu." Kisha akawanyooshea kata ya maji, kana kwamba ni wanawe.

Mashavu alikunywa, akamtilia wifi yake maji, akamwinulia kata. "Nawa basi. Leta mkono nikunawishe."

Sikitu alitazama kiganja chake. Katikati ya mistari yake palikuwa na chembe kavu za udongo wa zamani, mwekundu zaidi ya ule mpya, zilizobanduka chini ya mkono wa Hamduni na kushikamana na wake. Zilikuwa kidogo sana. Zingetosha kugawana.

Akakunja ngumi haraka, Mashavu asije akaona.

"Sioshi," alisema.

Wakaanza safari ya kurudi, Mashavu mbele, yeye nyuma. Jua likaanza kushuka. Mfukoni simu ilitetemeka, ikamwita Hamduni kwa jina lake, ikamuuliza kama amekipata alichokuwa akikitafuta.